Sura ya Saba: Vya Kusoma Kabla ya Kugawana Vyombo

Ndoa inapovunjika, ushauri haukosekani. Shangazi ana lake, jirani ana lake, mwenzako wa kazini aliyeachana mwaka juzi ana lake, na kijiweni hukumu imeshatolewa. Utaambiwa kwamba mke akitoka nyumbani na begi lake amepoteza kila kitu. Utaambiwa mali ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Mmoja atasema watoto ni wa baba kwa kuwa mahari ililipwa, na mwingine ataapa kwamba mahakama huwapa wanawake kila kitu. Maneno haya yana nguvu kwa sababu baadhi yake yamebeba chembe ya ukweli. Mtu huyaamini, huingiwa na hofu, kisha hufanya jambo la haraka. Anawahamisha watoto usiku. Anauza kiwanja kwa bei ya kutupa kabla mwenzake hajashtuka. Anatia sahihi karatasi asiyoielewa, ilimradi aondoke.

Naamini kwamba hofu ndiyo inayogeuza kuachana kuwa vita, na kwamba sehemu kubwa ya hofu hiyo hupungua mtu akisoma kurasa chache zinazomhusu. Kurasa hizo ndizo nilizozikusanya katika sura hii. Nimezipanga kwa mfuatano ambao ningependa kila familia iufuate: usalama, watoto, baraza la usuluhishi, mali, kisha vitabu vya kuutuliza moyo na watu wa kuwaendea. Sheria ninazozieleza ni za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nitazigusa njiani.

Usalama kwanza

Kabla ya kusoma chochote, jibu swali moja: kuna kipigo au vitisho ndani ya nyumba? Kama vipo, weka kitabu hiki kando, watoe watoto kwenye hatari, na uende kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo utapewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na kilichoandikwa na daktari kwenye fomu hiyo kitakuwa ushahidi baadaye. Mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga namba 116 bila malipo. Namba hiyo ya huduma ya simu kwa watoto inatumika Tanzania, na Kenya pia.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni kifupi, na ningetamani kisomwe katika kila semina ya wachumba: hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Anayekuambia kwamba kipigo ni mambo ya ndani ya ndoa anapingana na sheria yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini sasa. Usikubali kurudishwa kwenye nyumba yenye hatari kwa jina la usuluhishi. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba yapo mazingira ya pekee ambayo mtu anaweza kwenda mahakamani bila kupitia baraza.

Kurasa za mtoto

Wazazi wengi huanza na mali, na watoto hufuata baadaye kama sehemu ya mgawanyo. Anza na watoto. Ukishajua nani atalala wapi na nani atalipa nini, mjadala wa nyumba na gari hupungua makali.

Kurasa za kusoma ni mbili. Ya kwanza ni kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa. Kinasema kwamba mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na lililo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii yao. Mahari haimpi mzazi yeyote hati ya kummiliki mtoto. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, lakini baba anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Hata hapo, mahakama huzingatia madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Baba anayewatorosha watoto usiku ili awahi, na mama anayewaficha kwao wasionekane, wote wawili wanajenga ushahidi dhidi yao wenyewe.

Ya pili ni kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiki kimeandikwa kwa upande wa mtoto, na ndiyo maana nakipenda. Wazazi wakitengana au wakitalikiana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho mara kabla ya kutengana kwao. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea vizuri. Na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, mradi ratiba yake ya shule haivurugiki. Haki ya kutembelea ni ya mtoto. Mama anayemnyima baba mtoto kwa sababu pesa ya matumizi haijaja, na baba anayekata matumizi kwa sababu hajamwona mtoto, wanamtoza mtoto deni lisilo lake.

Baada ya kusoma kurasa hizo mbili, chukueni daftari mwandike makubaliano yenu kwa mkono, kwa lugha ya kawaida. Andikeni mtoto atalala wapi siku za shule na wapi wikiendi. Andikeni nani analipa ada na nani sare, viatu na nauli, na kwa tarehe gani ya mwezi. Andikeni bima ya afya iko kwa nani, na nani anaitwa kwanza mtoto akiugua usiku. Likizo ya Juni, likizo ya Desemba, Idi au Krismasi, kila moja iwe na mstari wake. Wekeni saa ya kupiga simu, kwa mfano saa moja na nusu jioni, na kila upande uiheshimu. Peleka daftari hilo kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Yeye ndiye ambaye mahakama humtegemea kufanya uchunguzi wa hali ya familia na kuandika taarifa, na anaweza kuwasaidia kuyanyoosha makubaliano kabla hayajafika kwa hakimu. Mkikubaliana, mahakama inaweza kuyapokea na kuyafanya kuwa amri yake.

Kisha mtoto aambiwe, na aambiwe na wote wawili wakiwa wamekaa pamoja ikiwezekana. Mtoto wa miaka 5 haulizi kuhusu sheria. Anauliza kama ni kosa lake, kama atabaki shule ileile, na nani atamchukua jioni. Mjibuni hayohayo: "Baba na mama hawataishi nyumba moja tena. Si kwa sababu ya kitu ulichofanya. Shule ni ileile, na Ijumaa baba atakuja kukuchukua." Kwa kijana wa sekondari ongezeni ukweli kidogo, lakini msimfanye shahidi wala tarishi. Mtoto anayetumwa akamwambie baba alete pesa anajifunza kwamba yeye mwenyewe ni mzigo.

Baraza na karatasi yake

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ndicho kinachowaangusha wengi. Kinasema hakuna atakayefungua shauri la talaka mahakamani kabla ya kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza hayo yapo katika ngazi ya kata, na jumuiya za dini pia zinaweza kuwa na yao. Waislamu wengi huenda kwenye mabaraza yaliyo chini ya BAKWATA, na makanisa kadhaa yana yake.

Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ambayo wengi huiita Fomu Namba 3. Isome kabla ya kuondoka nayo. Angalia kama majina yenu yameandikwa sawasawa, kama kuna tarehe, sahihi na mhuri, na kama imeandikwa waziwazi kwamba baraza limejaribu kusuluhisha na limeshindwa. Barua inayosema tu "wahusika waende mahakamani" inaweza isitoshe. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa mashauri ya talaka kwa sababu hati ya baraza haikuwepo au haikuwa halali. Maana yake ni kwamba watu walipita mahakama ya chini, wakapita rufaa, wakagawana mali, kisha wakarudishwa mwanzo kwa sababu ya karatasi moja.

Yapo mazingira ambayo baraza linaweza kurukwa: mwenzako amekutelekeza na hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, amefungwa maisha au kwa muda usiopungua miaka 5, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Kama jambo lako limo hapo, lieleze ndani ya hati yako ya madai.

Muislamu na asome pia kifungu cha 107, sehemu ya tatu. Kama baraza limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wenu amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaitambua ndoa kuwa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kukabidhiwa mlangoni haimalizi mambo ya mali na watoto mbele ya serikali. Kwa upande wa dini yenyewe, aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaelekeza ateuliwe msuluhishi kutoka kwa watu wa mume na mwingine kutoka kwa watu wa mke, na Surat At-Talaq inaeleza eda na matunzo yake. Zisome pamoja na sheikh unayemwamini, kwa utulivu, mkiwa na muda wa kuulizana.

Mkatoliki anaweza kusikia kwamba mahakama ya Kanisa imeona ndoa yake haikuwa halali tangu mwanzo, na Papa Francis alirahisisha utaratibu huo mwaka 2015. Uamuzi wa Kanisa unahusu sakramenti. Mali, matunzo na hifadhi ya watoto bado vinaamuliwa na mahakama ya nchi.

Usilichukulie baraza kama mhuri tu wa kupitia. Huko Virginia, Marekani, mtafiti Robert Emery alizifuatilia familia zilizokuwa zikigombania watoto. Kwa bahati nasibu, baadhi zilipelekwa kwa wasuluhishi na nyingine zikaendelea na kesi. Usuluhishi wenyewe ulichukua saa chache tu. Baada ya miaka 12, kati ya wazazi wasioishi na watoto wao, asilimia 28 ya waliosuluhishwa walikuwa bado wanawaona watoto kila wiki, na kwa waliopelekwa mahakamani walikuwa asilimia 9. Saa chache za kuzungumza mbele ya mtu wa tatu ziliwabakizia watoto wazazi wote wawili. Mkikaa mbele ya baraza la kata, hata kama ndoa haiponi, tumieni nafasi hiyo kukubaliana juu ya watoto.

Mali, na hukumu ya mwaka 1983

Kuhusu mali, soma kifungu cha 114 pamoja na hukumu moja. Kifungu kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Hutazama desturi za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Mizani ielekee kwenye usawa. Kifungu cha 60 kinaanza na dhana kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja ni yake, na hapa ndipo maneno ya mtaani yalipookota ukweli wake. Dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi, na jina kwenye hati haliizuii mahakama kuuliza nyumba ilijengwaje.

Hukumu yenyewe ni ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Swali lilikuwa kama kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Mahakama ilijibu kwamba ni mchango. Tangu hapo, mke asiye na mshahara hawezi kuambiwa kwamba hakuleta chochote. Lakini isome hadi mwisho, kwa sababu wanaoitaja mara nyingi huishia katikati. Bi Hawa mwenyewe, aliyekata rufaa, hakushinda: mahakama iliona kwamba mumewe alimpa mtaji wa biashara na ukapotea mikononi mwake. Kanuni ilibaki kwa faida ya wote waliofuata, pamoja na onyo kwamba mchango huthibitishwa, kila mtu kwa habari zake.

Kwa hiyo ushahidi ndio kazi yako. Tafuta faili la plastiki la kawaida, uweke ndani yake nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, mkataba wa kununua kiwanja wenye sahihi ya mwenyekiti wa mtaa, risiti za saruji na nondo, taarifa ya miamala ya simu, kijitabu cha VIKOBA kinachoonyesha mkopo uliochukua mwezi ule bati zilipopandishwa. Daftari la ujenzi lenye mwandiko wako, linaloonyesha mchanga lori mbili, matofali, chakula cha mafundi, linasema mengi mbele ya hakimu kuliko maneno ya uchungu. Andika pia jina la fundi. Ndiye aliyeona nani alikuwa anamlipa. Acha nakala ya faili hilo kwa ndugu unayemwamini.

Kama unahofia nyumba ya familia itauzwa au kuwekwa rehani kwa siri, kifungu cha 59 kinazuia kufanya hivyo bila ridhaa ya mwenzi, na unaweza kuomba zuio kwa Msajili wa Hati. Na kama hamkufunga ndoa, usikate tamaa kabla ya kusoma kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wanandoa. Hata dhana hiyo ikipingwa, mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto.

Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, mashauri ya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Kenya ina Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, inayohesabu kazi za nyumbani, ulezi na kilimo kuwa mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba haumaanishi kila mali inakatwa nusu kwa nusu; kila upande unaonyesha mchango wake. Nchi ni mbili, lakini faili la risiti lina thamani ileile pande zote.

Vitabu vya kutuliza na kuonya

Siku ambayo huwezi kusoma sheria, soma riwaya. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, inamweleza Maksuudi, tajiri anayemfungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna, na kisha anamwacha mke kwa kipigo na ghadhabu. Maimuna anatoroka na maisha ya mjini yanamwumiza vibaya. Wapeni vijana wakubwa waisome, na nyinyi wazazi msome, kisha ongeeni kuhusu Maimuna. Mara nyingi kijana atasema kuhusu binti wa kwenye kitabu jambo ambalo hawezi kulisema kuhusu nafsi yake.

Kwa wasomao Kiingereza, watafiti wawili wa Marekani wanafaa kusomwa pamoja. Judith Wallerstein alianza mwaka 1971 kuwafuatilia watoto 131 wa familia 60 huko California, na aliona majeraha yanayodumu hadi utu uzima. Mavis Hetherington, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alieleza kwamba takriban robo ya watoto wa wazazi waliotalikiana walipata matatizo makubwa, na katika familia zisizovunjika walikuwa kama asilimia 10. Mzazi asome namba hiyo kwa pande zote mbili. Hatari ni kubwa zaidi, na bado watoto watatu kati ya wanne walisimama. Wengi wa wanaochunguza mambo haya wanakubaliana kwamba ugomvi unaoendelea baada ya talaka ndio unaomdhuru mtoto sana, na ugomvi ni kitu ambacho wazazi wanaweza kukizuia.

Watu wa kuwaendea

Si kila mtu ana muda au macho ya kusoma haya yote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hufanya kazi hadi vijijini na hawatakiwi kukutoza. Mashirika kama TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha Temeke husikiliza mashauri ya ndoa, familia na mirathi, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, katika jengo moja. Hukumu na sheria nyingi zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Nyingi za zamani ni za Kiingereza, lakini mabadiliko ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza talaka, huendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Usiogope kwenda kwa kuwa huna wakili. Na usiporidhika na uamuzi, uliza siku hiyohiyo mwisho wa kukata rufaa ni lini. Sheria ya Ndoa inatoa siku 45.

Ndugu na marafiki nao wana kazi katika haya. Mtu akija kwako analia, msikilize, mpe chai, kisha muulize ana karatasi gani mkononi. Msindikize ofisi ya ustawi au kwa msaidizi wa kisheria, na ukae naye kwenye benchi hadi aitwe. Wapokee watoto wake Jumamosi ili apate nafasi ya kupumua na kusoma.

Mwisho, jueni kwamba amri ya mahakama kuhusu watoto na matunzo inaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 mlipoachana atafika darasa la saba, ada itapanda, mmoja wenu atahamishwa kikazi, mwingine ataoa au kuolewa tena. Kila Desemba, kabla shule hazijafunguliwa, kaeni tena na daftari lenu la makubaliano. Someni mstari kwa mstari, futeni kilichopitwa na wakati, andikeni kipya, na mmuulize mtoto ambaye sasa ana maoni yake. Kama mnashindwa kukaa meza moja, mpelekeeni Afisa Ustawi. Ndoa yenu imekwisha, lakini malezi ya mtoto huyu yana miaka mingi mbele, na yanahitaji watu wawili wanaosoma karatasi moja.